Kamba, vikuku au mpira wa sebuleni: zoezi lipi litakurekebishia mkao juu ya farasi?

Farasi akiwa amesimama tuli, inuka kutoka kwenye tandiko usimame juu ya vikuku, zile pete za chuma za kukanyagia, bila kushika chochote. Hesabu hadi kumi. Ukirudi kukaa kwa kishindo kabla hujafika tatu, nyayo zako ziko mbele mno. Ukilalia shingo ya farasi, ziko nyuma mno. Na ukimaliza kumi huku magoti yameling'ang'ania tandiko kama koleo, basi mizani uliyo nayo umeiazima kwa magoti, na deni lake utalilipa farasi atakapoanza kwenda mbio.

Nimeanza na jaribio hili kwa sababu huwezi kujua zoezi gani linakufaa mpaka ujue mkao wako unaharibikia wapi. Wengi wetu tunachagua zoezi kwa sifa zake. Mtu anasikia kwamba kupanda bila vikuku ndiko kunakomkomaza mpanda farasi, anavitupa vikuku, anateseka wiki tatu, na anachotoka nacho ni ustadi wa kubana zaidi. Nayasema haya nikiwa mmoja wao.

Hapa nazilinganisha njia tano: kuzungushwa kwa kamba, kuacha vikuku, kusimama nusu, kupanda bila tandiko, na mazoezi ya chini pasipo farasi. Kila njia naipima kwa mambo matatu. Inafichua kosa gani? Nani anamwongoza farasi wakati wewe unahangaika na mwili wako? Na mgongo wa farasi unaumia kiasi gani? Hilo la tatu husahaulika, ilhali yeye ndiye anayeyabeba makosa yetu.

Kuhusu mkao wenyewe sitasema mengi. Ukitazamwa kwa ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino vipangane kwenye mstari mmoja wa kwenda chini. Chini ya makalio kuna mifupa miwili ya kukalia. Kalia viganja vyako kwenye kiti kigumu utaisikia. Uzito ugawanyike sawa juu ya hiyo miwili. Xenophon, askari Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwaonya wapanda farasi wasikae kama mtu aliye kitini, bali kama mtu aliyesimama wima miguu ameitanua. Na Wagiriki wa zama zake hawakuwa na vikuku.

Kamba na vikuku

Hizi mbili nazijadili pamoja kwa sababu watu huzichanganya. Zote mbili mara nyingi hufanywa miguu ikining'inia. Lakini mafunzo yake hayafanani hata kidogo.

Kwenye kamba, mwalimu anasimama katikati na farasi anamzunguka kwenye duara lenye kipenyo cha mita 20 hivi. Hatamu zimefungwa shingoni, huzigusi. Mwendo, mwelekeo na kusimama, vyote viko mikononi mwa mwalimu. Wewe umebaki na kazi moja tu, kukaa. Kwa hiyo unaweza kunyoosha mikono pembeni, kuzungusha bega moja baada ya jingine, kugusa kidole cha mguu wa upande wa pili, hata kufumba macho kwa mzunguko mmoja na kuisikiliza nyonga yako inavyobebwa, kushoto, kulia, kushoto. Katika ile shule kongwe ya upandaji farasi ya Vienna, Austria, inayotumia farasi weupe wa aina ya Lipizza, ambayo kumbukumbu zake zinarudi hadi mwaka 1572, mwanafunzi huanzia kwenye kamba bila hatamu wala vikuku, na hakabidhiwi uongozi wa farasi mpaka mkao wake utulie.

Mimi nililetwa kwenye kamba na ukaidi wangu. Kwa miezi kadhaa kikuku cha kulia kilikuwa kinaniponyoka kila tulipokwenda shoti. Nikajiaminisha kwamba ngozi inayokishikilia imevutika, nikaipunguza tundu moja. Kikaendelea kuponyoka. Nikapunguza la pili. Siku hiyo mwalimu akanishusha, akaiweka mikanda miwili sambamba, akahesabu matundu mbele yangu, akairudisha ilivyokuwa: ilikuwa inalingana kabisa. Akanipandisha tena, akavitoa vikuku vyote viwili, akaanza kunizungusha kwa kamba. Hata mzunguko wa tatu haujaisha akamsimamisha farasi na kuniambia nitazame chini. Katikati ya tandiko haikuwa tena juu ya uti wa mgongo. Tandiko zima lilikuwa limesogea kushoto, upana wa vidole viwili. Nilikuwa nakunja ubavu wa kulia, makalio yanatelezea kushoto, mguu wa kulia unavutwa juu, na lawama zote nazitupia kikuku.

Kosa hilo nisingeligundua peke yangu. Ndiyo faida kubwa ya kamba: yupo mtu chini anayekuona kutoka mbele, nyuma na ubavuni, na akili yako haijagawanyika.

Kasoro zake nazo zipo. Mwalimu asiyejua kumzungusha farasi ni hatari kuliko kutokuwa na mwalimu. Anahitajika farasi mtulivu mwenye mwendo sawa, maana yule anayeshtukashtuka atakufundisha kujishikilia tu. Halafu mduara unaichosha miguu ya farasi. Dakika 20 au 25 zinatosha, na pande zote mbili zipewe muda sawa. Hilo la pande mbili ni kwa ajili yako pia. Mduara unakusukuma nje, na mwili unajifunza kuegemea ndani ili kujiokoa. Ukizunguka upande mmoja tu, utashuka umepinda kuliko ulivyopanda.

Sasa kuacha vikuku, ukiwa peke yako na hatamu mkononi. Hapa kiongozi ni wewe. Ukipoteza mizani, mkono unakimbilia kushika kitu kabla hujafikiri, na kitu kilichopo mkononi ni hatamu. Mwisho wa hatamu ni lijamu, na lijamu iko kinywani mwa farasi. Kila unapoyumba yeye anavutwa mdomo. Baada ya dakika chache anainua kichwa, anakaza mgongo, mwendo unakuwa wa kudunda, na wewe unarushwa zaidi. Mnaharibiana.

Sehemu ngumu ni mashindo, ule mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na shoti. Mgongo wa farasi unapanda na kushuka mara mbili katika kila hatua kamili. Anayerushwa hubana magoti, kwa sababu mwili unadhani goti ndilo kishikio. Kumbe goti likibana, paja linapanda, makalio yanaondoka kwenye tandiko, na mpanda farasi anachomoka juu kama sabuni yenye maji inavyoponyoka kwenye ngumi. Anaona anarushwa, anabana tena.

Anayedhani kushikilia kwa miguu ndiko kukaa, amtazame Lis Hartel wa Denmark. Alipata polio mwaka 1944, ikamwacha amepooza chini ya magoti. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha ya dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi afanye mienendo iliyopangwa, katika michezo ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mashindano hayo. Kupanda na kushuka kwenye farasi alihitaji kusaidiwa. Akishakaa, alikaa. Mwaka 1956 akachukua fedha nyingine.

Je, kuacha vikuku hakufai? Kunafaa, ila kwa mtu ambaye tayari hajishikilii, na kwa dozi ndogo. Subiri mgongo wa farasi upate joto, dakika 15 za kazi nyepesi angalau. Anza kwa kutembea. Vuta bizimu ya mkanda wa kikuku iteremke kidogo isikuumize chini ya paja, kisha vikunje vikuku mbele ya tandiko, kimoja kila upande, ukianza na cha kulia. Hivyo cha kushoto, unachokihitaji kupanda tena, kitakuwa juu. Mkono mmoja ushike ukingo wa mbele wa tandiko na ujivute taratibu chini, mwingine ushike hatamu. Dakika mbili za mashindo, kisha pumzika kwa kutembea. Ukihisi mapaja yanatetemeka, umeshapitiliza. Misuli iliyochoka haijifunzi kulegea, hujifunza kukwepa.

Kwa hiyo nikiwekewa hizi mbili mezani, nachagua kamba, na wala sisiti. Kinachonishangaza ni kwamba watu wazima wengi huiona kamba kuwa ya watoto na wanaoanza, kisha wanatumia miaka kujaribu kurekebisha peke yao kitu ambacho masomo manne yangekifichua.

Kusimama nusu, zoezi la asiye na mwalimu

Kama kamba haipatikani, hili ndilo langu la pili, na kwa baadhi ya makosa ndilo la kwanza.

Unainua makalio kidogo tu kutoka kwenye tandiko, unakunja nyonga, kifua kinakwenda mbele kidogo, mgongo unabaki umenyooka, uzito unateremka kwenye mapaja, magoti na vifundo hadi kisiginoni. Mkao huu wa kuelekea mbele unatokana na Federico Caprilli, ofisa wa farasi katika jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907. Kabla yake, warukaji viunzi waliegemea nyuma farasi akiwa angani, wakimpiga mgongo kwa makalio anapotua. Yeye alitaka mpanda farasi amfuate farasi na kumwachia mgongo wake.

Uzuri wake kwa mizani ni kwamba hakuna pa kudanganyia. Mguu wa chini ukirudi nyuma, unaangukia shingoni. Ukienda mbele, unakaa kitako. Ni lile jaribio la mwanzoni, ila sasa ardhi inatembea. Na tofauti na kuacha vikuku, ukikosea huku umeshika singa za shingoni au ukanda uliofungwa shingoni mwa farasi, kinywa chake hakiguswi. Mgongo wake pia unapumua. Ndiyo maana hili linaweza kufanywa mara nyingi bila dhamira kukusuta: mlimani, njiani, dakika moja katika kila tano.

Kuna toleo lake ninalolipenda zaidi, na halihitaji chochote isipokuwa kuhesabu. Kwenye mashindo mapigo ni mawili, na kwa kawaida tunainuka pigo moja, tunakaa pigo moja. Badilisha: inuka mawili, kaa moja. Juu, juu, chini. Juu, juu, chini. Mara ya kwanza utaanguka chini kabla ya pigo la pili, na hapo utajua kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unatupwa juu na farasi, hujiinui mwenyewe. Ukilizoea, geuza: juu moja, chini mawili. Hayo mawili ya chini ni kipande kidogo sana cha kukaa kwenye mashindo, kifupi mno kukupa nafasi ya kuanza kubana. Kwangu mimi hapo ndipo nyonga zilipoanza kufunguka, baada ya mapambano yote ya bila vikuku.

Ila lisikufanye ujidanganye. Kusimama nusu kunajenga mguu na kifundo, kunafundisha kutotegemea mkono, lakini hakukufundishi kukaa. Wapo wanaoruka viunzi vizuri, ukiwaambia wakae mashindo mzunguko mmoja wanaruka kama punje za bisi. Na yule ambaye kosa lake ni kupinda ubavu, kama langu, anaweza kusimama nusu mwaka mzima akiwa amepinda.

Bila tandiko

Hapa maneno ni machache. Linafurahisha, joto la farasi linakufikia, na kila msuli wa mgongo wake unausikia chini yako. Kwa kutembea taratibu, juu ya farasi mwenye mgongo mpana na wa duara, ni zuri kwa mtu mwenye woga anayehitaji kumzoea mnyama. Lakini tandiko linatawanya uzito wako. Ukiliondoa, mzigo wote unakwenda kwenye ile mifupa miwili ya kukalia, nayo inachimba pande mbili za uti wa mgongo wake. Kukaa mashindo hivyo kwa nusu saa ni kumtesa. Kingine, bila tandiko miguu hujikunja mbele kutafuta pa kushika, na unarudi kwenye mkao wa kiti alioukataa Xenophon. Kama lengo lako ni furaha, panda. Kama ni mkao, kuacha vikuku juu ya tandiko kunakupa karibu kila kitu na kumwacha farasi salama.

Chini, pasipo farasi

Mazoezi ya nyumbani yana sifa moja ambayo mengine hayana: ukikosea hadhuriki yeyote. Yana sifa ya pili kwa anayepanda mara moja kwa wiki, kwamba zile siku sita nyingine zisipotee bure. Wengi tunazitumia tukiwa tumekaa kwenye viti, na misuli ya mbele ya nyonga inafupika. Ukiwa na misuli mifupi hapo, paja haliwezi kuning'inia chini hata ukiambiwa mara mia "legeza mguu". Utalegeza nini, na kamba yenyewe ni fupi?

Kwa hiyo hapa nalinganisha matatu. La kunyoosha nyonga: piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele bila kupinda kiuno, tulia sekunde 30, badili. Kwa anayekaa ofisini mchana kutwa, hili lina thamani kuliko mengine yote ya chini, ingawa halimvutii mtu kwa sababu halionekani kuwa kazi. La kusimama kwa mguu mmoja, wakati unapiga mswaki kwa mfano: linakuonyesha upesi upande gani ni dhaifu, maana mguu mmoja utatulia na mwingine utacheza. Fumba macho uone tofauti.

Na la mpira mkubwa wa mazoezi. Ukubwa wake uchague kwa urefu wako. Wengi hutumia wa sentimita 65, wafupi 55, warefu 75. Kipimo cha kweli ni kwamba ukikaa, nyonga ziwe juu ya magoti kidogo. Mpira ni mwalimu mzuri wa jambo moja: kusogeza nyonga bila kusogeza mabega. Kaa, weka kiganja kifuani, sogeza mpira mbele na nyuma kwa nyonga tu, kisha kushoto na kulia, kiganja kikiwa kimetulia. Hicho ndicho kinachotakiwa kwenye mashindo, ila polepole na bila farasi. Kasoro yake ni kwamba wewe ndiwe unayeuendesha mpira, wakati juu ya farasi wewe ndiwe unayeendeshwa. Nimeshaona mtu anayepiga magoti juu ya mpira kwa dakika nzima, akipanda farasi anakaza kama mti. Wenye kupata farasi wa mashine wana bahati, kwa sababu ule mdundo unawajia bila wao kuupanga, ingawa mashine haishtuki wala haichoki, na haitakuadhibu ukiibana.

Jambo dogo ambalo halina hata jina la zoezi: macho. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikiinamisha kutazama masikio ya farasi, hizo kilo zote zinahamia mbele, mabega yanafuata, na uzito unaondoka kwenye mifupa ya kukalia. Kabla hujanunua mpira, inua macho.

Basi uchague lipi?

Rudi kwenye jaribio la kuhesabu. Kama ulianguka mbele au nyuma, kosa liko kwenye mguu wa chini, na kusimama nusu kutalirekebisha haraka kuliko chochote, hata bila mwalimu. Kama ulisimama vizuri lakini unarushwa ukikaa mashindo, anza na kunyoosha nyonga nyumbani, ongeza ile hesabu ya juu moja chini mawili, na vikuku uviache mwishoni, dakika mbili mbili. Kama kikuku kimoja kinakutoka, au farasi anageuka vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili, au tandiko linahama, wewe umepinda, na mpindo hauonekani kwa aliye ndani yake. Huna njia ya mkato hapo: tafuta kamba na mtu wa kuishika. Kama ni woga unaokukaza, kamba tena, kwa sababu inakuondolea jukumu la kuongoza.

Kuna hali mbili ambazo ningeahirisha kila kitu cha juu ya farasi. Ya kwanza ni farasi mchanga au mwenye mgongo unaouma. Huyo si wa kujifunzia. Ya pili ni wewe kuwa na maumivu ya kiuno yasiyojulikana sababu. Mwone daktari kwanza, mpira utakusubiri. Na kwa yote yanayofanyika juu ya farasi, helmeti kichwani, hata kwa zile dakika mbili za kutembea.

Ukishachagua, shika moja au mawili tu kwa wiki sita. Siku ya kwanza mwombe mtu akupige picha mbili, moja kwa ubavuni na moja kwa nyuma, farasi akiwa amesimama. Wiki ya sita apige tena kutoka palepale. Ile ya nyuma usiiruke, ingawa hakuna anayependa kujiona kwa nyuma. Yangu ya kwanza bado ninayo kwenye simu: bega la kulia limeshuka, tandiko limekwenda kushoto, na farasi amegeuza sikio moja nyuma, kama anayesubiri nimalize.